Jiwe Halipitishi, Mlima Unapitisha

Kutoka katikati ya Goma, mashariki mwa Kongo, hadi Kanyaruchinya sikuvuka daraja hata moja. Barabara ya taifa namba 2 inapanda kuelekea Rutshuru, inaupita uwanja wa ndege, inapita Munigi, na muda wote huo upande wa kushoto mlima wa volkano wa Nyiragongo umesimama na moshi wake, kimo cha mita 3,470 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya huku si haba. Kwa mwaka inapita milimita 1,000. Lakini kijito hukioni. Hakuna korongo lililochongwa na maji, hakuna bonde lenye matope, hakuna kina mama waliopiga magoti mtoni kufua. Mtu aliyezoea Uluguru au Usambara, ambako kila kona ya mlima ina mto wake, atageuza shingo huku na huku akitafuta maji, na atakachokiona ni jiwe jeusi tu.

Ilikuwa Juni 2023, kiangazi ndiyo kwanza kinaingia. Dereva wa pikipiki aliyenibeba alinionya kila tulipokaribia sehemu yenye mashimo: "Papa, shika nguvu." Mbele na nyuma yetu yalipita makamio (malori) ya maji, chukudu (baiskeli za mbao za kusukuma) zilizobeba makaa na viazi, na watoto wenye bidoni za njano za lita 20 wakitembea ukingoni mwa lami. Sehemu moja barabara yenyewe ilikuwa mpya kuliko iliyoitangulia: hapo ndipo lava ya tarehe 22 Mei 2021 ilipoikata njia usiku ule ikishuka kuelekea mjini, ikaja kusimama Buhene, jirani kabisa na uwanja wa ndege. Ardhi ya teritware (wilaya) hii ya Nyiragongo inahesabiwa kwa miaka ya moto. Wenyeji wanakuonyesha kwa kidole: hii ya 1977, hii ya 2002, hii ya juzi.

Kilichonipeleka huko ni kazi yangu. Kwa muda mrefu nimekaa maabara Dar es Salaam nikipima jinsi miamba inavyopitisha gesi na maji. Miamba ya mchanga, ya aina inayohifadhi gesi ya Songo Songo iliyogunduliwa 1974 na kuanza kutumika 2004, haisumbui sana: chembe zimepangana, kati yake kuna nafasi, na nafasi hizo zinaungana. Sampuli zinazokula siku na usiku ni zile zilizobana, ambazo ukizitia shinikizo upande mmoja unaweza kunywa chai, ukarudi, na upande wa pili hakijatoka kitu. Nimezipenda sampuli hizo kwa sababu zinamlazimisha mpimaji awe mkweli. Uvujaji mdogo kwenye kifundo cha bomba, badiliko la nyuzijoto moja chumbani, vyote vinaweza kujifanya ni gesi iliyopita ndani ya mwamba. Na kadiri nilivyozidi kuzipima ndivyo nilivyotamani kuiona ardhi ambayo jiwe lake lingebana namna hiyo huku yenyewe ikimeza kila tone.

Kanyaruchinya ni ardhi hiyo.

Nilianzia kwa wapondaji wa mawe. Kando ya barabara, wanawake walikaa juu ya marundo ya lava, kila mmoja na nyundo yake, wakigeuza mawe kuwa graviye (kokoto) ya kuuzia wajenzi wa mjini. Nyuma yao palikuwa pamechimbwa ukuta unaozidi kimo cha mtu, na ukuta ule ulionyesha wazi jinsi mlima ulivyojijenga: tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani, kila moja ni mtiririko wa siku moja au mbili za hasira. Juu ya kila tabaka kuna ganda lenye matundu mengi, mapovu ya gesi yaliyogandia njiani. Katikati jiwe ni zito, la kijivu cha kuiva, matundu machache. Chini kabisa kuna kifusi kilichosagika wakati lava ikijiburuta. Na kutoka juu mpaka chini, kukata tabaka zote hizo, zinashuka nyufa. Lava inapopoa inasinyaa, na ikisinyaa inapasuka.

Nilimsogelea mama mmoja aliyekuwa amefunga kitambaa puani kuzuia vumbi.

"Habari ya kazi, mama."

"Nzuri, papa. Karibu. Unatafuta nini mu hii majiwe?"

Nikamwambia natafuta jiwe lisilo na matundu. Hakushangaa. Aliinuka, akageuza mawe mawili matatu, akagonga moja kwa nyundo akisikiliza mlio, akanipa. "Hii njo ngumu. Ile ya juu iko mwepesi, inavunjika mbio. Hii inachokesha mukono."

Alikuwa ametokea upande wa Rutshuru, alikokimbia na watoto wake mapigano yalipofika. Kwao, alisema, udongo ni mweusi na laini, unachimba kwa jembe mpaka uchoke. Nikamwuliza maji ya mvua hapa yanaelekea wapi.

"Inaingia. Hata inyeshe usiku muzima, asubui unakuta juu kumekauka. Njo maana tunalilia mayi na mvula iko inanyesha."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu upenyezaji wa miamba. Sijakutana na sentensi iliyoieleza ardhi ya volkano kwa usahihi kuliko hiyo.

Jiwe alilonipa yule mama, ukilipeleka maabara, litapitia njia hii. Utalitoboa kwa mashine yenye meno ya almasi upate kipande cha mviringo, upana wa milimita 38 na urefu unaokaribia sentimita 5. Utakikausha kwenye oveni mpaka uzito wake uache kubadilika. Utakivika mfuko wa mpira na kukifungia ndani ya chumba cha chuma, kisha utausukuma mpira kwa mafuta kutoka nje ili gesi isipate njia ya kupita pembeni. Ndipo unapoleta naitrojeni au heliamu upande mmoja, na kupima shinikizo la kuingia, shinikizo la kutoka na wingi unaopita. Kwa mchanga wa Songo Songo njia hiyo inatosha. Kwa jiwe lililobana haitoshi, maana kinachopita ni kidogo mno kukamatwa na geji.

Mwaka 1968 W. F. Brace na wenzake wawili walichapisha njia ya kulikwepa tatizo hilo. Unaweka chombo kidogo cha gesi au maji kila upande wa sampuli, unaviacha viwe na shinikizo sawa, halafu unaongeza kidogo upande mmoja. Kisha unangoja. Hupimi tena kiasi kinachopita. Unapima muda ambao tofauti ile inachukua kufifia. Kadiri mwamba unavyobana ndivyo kufifia kunavyochelewa, na kutokana na muda huo unahesabu upenyezaji. Walijaribu kwa itale ya Westerly, jimbo la Rhode Island, Marekani. Chini ya mbano wa mara 100 ya shinikizo la hewa walipata sehemu 350 katika bilioni ya darcy moja, kipimo chetu cha upenyezaji. Walipoibana mara 4,000, zikabaki sehemu 4 tu. Mbano ulikuwa umezifumba nyufa ndogo ndogo za ndani ya jiwe.

Tena kuna jambo jingine ambalo kila anayepima kwa gesi lazima alijue, lililoelezwa na Klinkenberg mwaka 1941. Katika vinjia vyembamba sana, molekuli za gesi haziambatani na kuta jinsi maji yanavyofanya; zinateleza. Kwa hiyo gesi inalisingizia jiwe uwezo lisilo nao, na jiwe linalobana zaidi ndilo linalosingiziwa zaidi. Dawa yake ni kupima kwa shinikizo tofauti tofauti, kuchora mstari, na kuufuata hadi mahali ambapo mtelezo usingekuwepo. Vijana wanaoanza kazi hii huiona hatua hiyo kuwa usumbufu. Mimi naiona ndiyo adabu yenyewe ya fani.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme jiwe la yule mama linapitisha sehemu moja katika milioni ya darcy, kiwango ambacho wataalamu wa gesi wangekiita kibanifu bila kusita. Mwaga maji juu yake yashuke kwa uzito wake tu: kwa mwaka mzima yatapita chini ya theluthi moja ya milimita. Mvua ya usiku mmoja ingehitaji miongo kadhaa. Kwa jiwe la namna hiyo, Kanyaruchinya ingekuwa bwawa.

Toa jiwe lile, weka ufa. Ufa mmoja wenye upana wa milimita moja katika kila mita moja ya mwamba uliobaki mzima. Uwezo wa ardhi hiyo unaruka hadi darcy 80 na zaidi, yaani mara milioni 80 ya ule wa jiwe. Na ufa una kanuni yake kali: kinachopita kinakua kwa kipeo cha tatu cha upana. Upana ukiwa mara mbili, maji yanakuwa mara nane. Ukiwa mara tatu, mara ishirini na saba. Kwenye ukuta wa machimbo nilipitisha kidole kizima katika baadhi ya nyufa, na hazikuwa zimebanwa na chochote. Itale ya Brace ilifumbwa kwa shinikizo la kilomita nyingi za miamba iliyo juu yake. Juu ya lava ya Kanyaruchinya kulikuwa na turubai nyeupe za kambi ya waliokimbia vita, na watu waliolala.

Hapo ndipo ninapokuwa na ugomvi na namba za maabara, na ni ugomvi wa mtu anayezipenda. Kipande cha sentimita 5 huchaguliwa kwa sababu ni kizima. Fundi akikuta ufa kwenye sampuli anaitupa, atafute nyingine, maana iliyopasuka inavunjika mashineni. Kwa hiyo tunapima kile tu kilichonusurika, kisha tunaandika matokeo kwa jina la mahali kilipotoka. Wachimbaji wa gesi wamelijua hili zamani: kwenye miamba iliyobana wanaipasua kwa makusudi, kwa maji yenye shinikizo kubwa, kwa kuwa wanafahamu gesi haitapita ndani ya jiwe bali kwenye ufa. Lakini mahali ambapo watu wanalala, wanapika na wanachimba vyoo, swali la nyufa mara nyingi halina anayeliuliza mpaka ugonjwa uingie.

Nalisema hilo nikiukumbuka Julai 1994. Katika siku chache mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka na kuingia Goma, na wengi wakapandishwa barabara hii hii mpaka Kibumba, juu ya lava, mahali pasipo chanzo cha maji. Kipindupindu kikalipuka. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, kwa kipindupindu na kuhara damu zaidi ya kitu kingine. Majembe hayakuingia ardhini. Makaburi ya halaiki yalichimbwa kwa mabuldoza ya jeshi la Ufaransa, na vyoo vilikuwa mfano tu wa vyoo. Jiwe lilikataa kuchimbwa, na nyufa zake zikapokea kila kilichomwagwa juu yake. Mtu akizitaja tabia hizo mbili kama sifa za kijiolojia tu, hajafika.

Udongo wa kawaida ni chujio. Maji machafu yakishuka polepole kati ya chembe zake, vimelea vinanaswa, vingine vinakufa njiani kwa kukawia. Ufa hauchuji wala haukawizi. Ndiyo maana miongozo ya Sphere, inayotumiwa na mashirika ya misaada duniani, inataka choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji ya ardhini na kitako chake kiwe mita 1.5 juu ya maji hayo, kisha inaongeza kwamba penye miamba yenye nyufa umbali huo uzidishwe. Uzidishwe kwa kiasi gani? Hapo mtu hawezi kujibu kwa kukisia. Lazima apime ardhi yenyewe.

Kanyaruchinya ilikuwa kambi mwaka 2012, na ikakimbiwa Novemba ile waasi wa M23 walipoingia Goma. Ikawa kambi tena kuanzia 2022, watu walipomiminika kutoka Rutshuru na Kibumba. Desemba mwaka huo huo kipindupindu kilitangazwa katika ukanda wa afya wa Nyiragongo. Nilipofika mimi, vibanda vilikuwa vimegusana. Mbavu za miti zimefunikwa turubai, mawe yamewekwa pembeni kuzuia upepo, na sakafu ni lava ile ile iliyoganda kwa mawimbi na kona kali. Vyoo vingi vilikuwa vimeinuliwa juu ya ardhi, na ngazi za mbao za kupandia, kwa kuwa chini hapashuki shimo. Nyuma ya safu moja ya vibanda niliona binti akimwaga beseni la maji ya kufulia. Povu lilibaki juu ya jiwe kitambo kidogo. Maji yenyewe yalikuwa yamekwisha toweka kwenye ufa kabla hajalisimamisha beseni ukutani.

Baada ya M23 kuitwaa Goma mwishoni mwa Januari 2025, kambi za pembezoni mwa mji zilivunjwa Februari. Watu wameondoka Kanyaruchinya kwa mara nyingine. Lava haikuondoka, na historia ya barabara hii hainipi sababu ya kuamini kwamba hakuna watakaorudi kulala juu yake.

Maji yanayotoweka pale hayapotei. Yanashuka chini ya Munigi, chini ya uwanja wa ndege, chini ya mitaa ya Goma yenyewe, mpaka Ziwa Kivu, usawa wa mita 1,460 hivi. Sehemu yake hutokea kwenye chemchemi zilizo chini ya maji, upande wa kaskazini mwa ziwa, nyingine kwenye kina cha zaidi ya mita 100. Watafiti wa Ziwa Kivu wameonyesha kwamba chemchemi hizo zinasaidia kulipanga ziwa katika matabaka yasiyochanganyika, na ni matabaka hayo yanayofungia chini kilomita za ujazo zipatazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani. Upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt unavuta gesi hiyo na kuzalisha megawati 26. Kwangu mimi niliyezoea gesi iliyofungiwa na mwamba, kuona gesi iliyofungiwa na maji, na maji hayo yakipata nguvu yake kutoka kwenye mvua iliyopenya lava, ilikuwa sababu tosha ya kusafiri.

Lakini tazama mzunguko wake kwa jicho la yule mama, wakati ule wa kambi. Mvua ilianguka juu ya turubai lake bure, ikashuka bure hadi ziwani. Kisha pampu iliivuta kutoka ziwani, ikatiwa dawa, ikapakiwa kwenye kamio, na kamio likapanda na dizeli yake mpaka Kanyaruchinya, ambako bidoni zilikuwa zimepangwa mstari tangu alfajiri. Kiwango cha chini cha Sphere ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu sita ilihitaji bidoni nne na nusu, kila siku, kutoka kwenye maji yaliyowahi kupita miguuni pake.

Si maji tu yanayozitumia nyufa hizi. Magharibi mwa mji, upande wa Mugunga na Bulengo, kabonidayoksaidi inapanda kutoka chini na kutuama mabondeni, ikawa mazuku. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, haionekani, na mbuzi au mtoto akishuka bondeni asubuhi tulivu huenda asipande. Na mwaka 2021 magma yenyewe ilitafuta njia. Ukuta wa volkano ulipopasuka na lava kumwagika, sehemu nyingine ya magma ilijipenyeza kusini chini ya ardhi, chini ya Goma na chini ya ziwa, mahali pengine chini ya mita 500 tu kutoka juu, bila kutokeza. Mji ulitikisika kwa siku kadhaa. Tarehe 27 Mei serikali ya kijeshi ya mkoa iliamuru mitaa kumi ihamwe, na mamia ya maelfu wakaondoka kwa miguu, kwa mashua na kwa magari. Utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Nature, ukiongozwa na Delphine Smittarello, uliufuatilia mwendo huo wa magma kwa matetemeko na kwa picha za rada za setilaiti. Mlima uliopasuka mara moja unakumbuka pa kupasukia. Nyufa za 2002 nazo zilikuwa zimeteremka upande huu huu wa kusini, hadi Munigi.

Mara nyingi nikitembea juu ya lava ile nilimfikiria Henry Darcy. Sisi wa gesi tunalitaja jina lake kila siku kama kipimo, na tumesahau kwamba hakuwahi kushughulika na gesi wala mafuta. Alikuwa mhandisi wa Dijon, Ufaransa, mji uliokuwa na kiu na maji machafu. Mwaka 1840 aliuletea maji safi kutoka chemchemi ya Rosoir, zaidi ya kilomita 12. Baadaye, katika ua wa hospitali ya mji, alisimamisha bomba la chuma lililojaa mchanga, akapitisha maji, akapima, ili ajue jinsi ya kujenga machujio. Matokeo aliyachapisha mwaka 1856 katika kitabu kuhusu chemchemi na mabomba ya maji ya umma ya mji wake, na kanuni inayotumiwa leo na kila kampuni ya mafuta duniani iko humo, katika kiambatisho. Sayansi hii ilizaliwa kwa ajili ya watu wenye ndoo. Kuirudisha Kanyaruchinya ni kuirudisha kwao.

Nilikuwa na mwenzangu katika matembezi yale, kijana anayesoma jiolojia Goma, mzaliwa wa mji, aliyekuwa mtoto mdogo mlima ulipolipuka 2002. Yeye ndiye aliyenionyesha mahali ambapo majivu na udongo vimejaza nyufa, pakaota nyasi, na mahali ambapo tundu limebaki kwa umbo la mti ulioungulia ndani ya lava. Tuliketi juu ya ukingo wa machimbo kupanga jinsi ardhi ile ingepimwa kwa ukubwa wake halisi. Si kipande cha sentimita 5. Mita kumi kwa kumi. Unazungushia ukuta mfupi wa udongo, unajaza maji, unasimika rula, unaandika usawa wa maji kila dakika. Kisha unarudia penye lava ya 1977, penye ya 2002, penye ya 2021, maana ya zamani imeanza kuziba na mpya haijaziba. Baadaye unatia rangi isiyo na madhara kwenye ufa uliochaguliwa na kuweka vijana ufukweni waangalie itatokea wapi na baada ya muda gani. Vifaa vyote vingeingia kwenye gari moja. Watu wa kuifanya wapo: Goma ina chuo kikuu chake, na ina wataalamu wa Observatwari ya Volkano wanaoijua kila tabaka ya mlima huu.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, akachora mraba kwa kijiti juu ya vumbi, akahesabu kimya. Sentimita 10 tu za maji katika mraba ule ni lita 10,000. Bidoni 500.

"Muzee," akasema, "na ile mayi ya kupima, tutaitosha wapi? Mbele ya hawa bamama?"

Chini yetu mstari wa bidoni ulikuwa haujasogea tangu tufike.

Tukauacha ule mraba. Alipendekeza tungoje mvua za Septemba na kuzitumia zenyewe. Karibu na barabara kuna jengo la shule lenye paa la mabati. Upime paa, uweke mfereji wa bati ukingoni, na kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba itakupa lita moja kamili. Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 2,000 zinazojulikana kwa hesabu bila kununuliwa. Nusu iende kwenye pipa la kunywa la watoto wa shule. Nusu iende kwenye ufa, na saa mkononi. Akaandika vipimo vya mfereji kwenye daftari lake, akauliza bei ya bati moja mjini kwa simu, na tukaanza kubishana kama mfereji uelekee upande wa barabara au upande wa machimbo.